Nilimpiga mama mgonjwa, kisha nikaenda kuwafundisha watoto upendo

Bwana Yesu asifiwe, Mama.

Barua hii nimeiandika mara nne nikaifuta. Nisamehe kama haina mpangilio.

Nina miaka 38, nimeolewa, nina watoto wawili. Niliokoka nikiwa sekondari na huu ni mwaka wa tisa nafundisha shule ya Jumapili. Mwaka juzi mume wangu aliachishwa kazi. Tukasema, Mungu atafungua mlango mwingine, na tulisema kwa imani kweli. Miezi mitano baadaye mama yangu akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, maneno yakapotea. Nikamchukua, na mpaka leo yuko kwangu. Nina ndugu wawili. Hao hunitumia aya za Biblia kwenye simu kila asubuhi.

Mama hajiwezi. Walituambia tumgeuze kila baada ya saa mbili asipate vidonda, basi mimi usiku nalala vipande vipande. Mume wangu hushika mchana siku ambazo hajapata kibarua. Kuogesha, kubadilisha na kulisha ni mimi.

Mwezi uliopita, alfajiri, nilikuwa nimetoka tu kubadilisha shuka. Nikamletea maji ya kumezea dawa, akayamwaga. Nikabadilisha. Akamwaga tena. Mara ya tatu nilimpiga mkononi, Mama. Nikamfokea, "Unataka nini kwangu wewe?" Hakulia. Aliuvuta ule mkono wake mzima akauweka kifuani, akageuza uso ukutani. Mpaka leo nikifumba macho ninauona ule mkono.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Saa chache baadaye nilikuwa mbele ya watoto, somo likiwa "Upendo huvumilia". Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kwani wewe huwa hukasiriki?" Nikacheka. Nikamwambia hasira zote tunampa Yesu.

Tangu hapo siwezi kuomba. Napiga magoti, nasema "Baba", basi, hakuna kingine kinachokuja. Wapendwa wakiniuliza habari za nyumbani nasema Mungu ni mwema. Mzee mmoja wa kanisa alikuja na watu wa maombi, akaniambia nichunguze moyo wangu, kuna mlango niliufungua ndiyo maana mambo yanakuja kwa kufuatana. Nikafunga siku tatu. Nimetubu kusinzia kwenye mkesha, nimetubu kulia, nimetubu kuchoka, nimetubu na mambo ya utotoni ambayo hata sina hakika kama niliyafanya. Sikupata nafuu yoyote, ila hasira ilizidi. Dada mwingine akanifariji kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Mama, mimi huu siwezi kuubeba. Sasa mwongo ni nani hapo?

Kuna usiku natamani nilale nisiamke. Sipangi kujidhuru, nakwambia tu ilivyo.

Je, imani yangu imekufa? Niache kufundisha? Na mtu aliyeishiwa kabisa, anamwaminije Mungu?

Wako,
Mwalimu aliyeishiwa

Amina, mwanangu.

Naanzia pale ulipopita haraka, karibu na mwisho. Umesema hupangi kujidhuru, nami nakuamini. Hata hivyo, kutamani usiamke ni habari ya kumpelekea daktari, na ni habari ya kumwambia mumeo leo kabla hamjalala. Usiikunjie ndani ya maneno mengine kama ulivyofanya kwenye barua. Mwambie hivyo hivyo ilivyo. Na ikitokea usiku mmoja hamu hiyo ikaanza kugeuka mpango, usingoje kuche wala usisubiri jibu la barua. Mwamshe mtu, nenda hospitali. Mtu anayekosa usingizi mwaka mzima akili yake huanza kumtengenezea giza ambalo halihusiani na wokovu wake, na daktari akilitibu giza hilo hajamnyang'anya Mungu kazi.

Sasa tuzungumze.

Nimeisoma orodha ya mambo uliyoyatubu. Kusinzia, kulia, kuchoka, mambo ya utotoni. Nikairudia nikitafuta mkono wa mama yako. Haumo. Siku tatu umefunga, umetubu yote yasiyo dhambi, na lile moja ambalo ni kosa kweli umelionea aibu tu. Kuona aibu na kutubu ni vitu viwili. Aibu unaweza kukaa nayo peke yako chumbani hata miaka kumi. Toba lazima imfikie mtu. Mwanangu, hapo ndipo naona fundo lako lilipo, na sidhani ni lako peke yako. Makanisani tumezoea kuuita udhaifu dhambi, halafu dhambi yenyewe tunaiita "ni uchovu tu". Tukishachanganya hivyo, hatupati msamaha wala hatupati mapumziko.

Tuanze na udhaifu. Mtazame Eliya katika 1 Wafalme 19. Siku chache kabla alikuwa ameomba moto ukashuka mlimani mbele ya taifa zima. Sasa yuko jangwani chini ya mti wa mretemu anamwambia Bwana, "Yatosha," aiondoe roho yake. Ningekuwa mimi mzee wako wa kanisa ningemwuliza amefungua mlango gani. Malaika hakumwuliza kitu. Alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena. Akarudi mara ya pili, akamgusa, na neno alilosema ni hili: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Soma tena mwisho wa sentensi hiyo. Kubwa mno kwako. Mbinguni walijua kwamba mzigo ulimzidi, wakasema wazi, na hawakumlaumu. Swali la "Unafanya nini hapa, Eliya?" lilikuja baadaye, baada ya usingizi mara mbili na siku arobaini za njia. Na kabla sura haijaisha Mungu alikuwa ameshampa Elisha, mtu wa kushika upande wa pili wa kazi.

Hilo linamjibu na yule dada wa mzigo. Umeuliza mwongo ni nani. Hakuna mwongo, dada amenukuu asichokisoma vizuri. Maneno aliyokuwa anayakumbuka yako 1 Wakorintho 10:13, na pale Paulo anazungumzia kushawishiwa kutenda dhambi. Ukisoma aya za juu na za chini utakuta habari za sanamu, zinaa na manung'uniko jangwani. Ahadi ni kwamba kwenye kishawishi kutakuwa na mlango wa kutokea. Hazungumzii kiharusi wala kuachishwa kazi. Habari ya mizigo Paulo huyohuyo anaisema katika barua ya pili, sura ya kwanza: kule Asia walilemewa kupita nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi. Anaiandika wazi, makanisa yasome, na anasema ilikuwa hivyo ili wasijitumainie wenyewe bali wamtumaini Mungu afufuaye wafu. Kwa hiyo unaposema "huu siwezi kuubeba", hujaikana imani. Umefika mahali Paulo alipofika.

Kuhusu mzee wa kanisa nitasema kidogo, maana huenda alikuja kwa nia njema na pengine ndiye pekee aliyekanyaga mlangoni kwako. Lakini alichosema Yesu alikwisha kukikataa. Wanafunzi walipomwona kipofu wakauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, jibu la Yohana 9 ni kwamba si huyo wala si hao. Na rafiki watatu wa Ayubu, ambao hotuba zao zilifanana sana na ya mzee wako, mwishoni ndio waliotakiwa kutoa sadaka ya kuteketezwa, na Ayubu, aliyelalamika sura kwa sura, ndiye aliyeambiwa awaombee. Akirudi mzee, mpokee, mpe kiti, halafu mwombe akae na mama saa mbili wewe ukalale. Utajua kama kaja kuomba au kaja kuchunguza.

Sasa mkono.

Hapa sitakubembeleza. Ulimpiga mtu asiyeweza kujikinga, na kuchoka kunaeleza kilichotokea ila hakukifuti. Unalijua hilo, ndiyo maana sala haitoki. Unapiga magoti ukiwa umeficha kitu nyuma ya mgongo, unataka kuzungumza habari zote isipokuwa hiyo. Mficha maradhi kilio humfichua, na kwako kilio kimeshaanza.

Mkumbuke Petro. Kabla hajamkana, Yesu alimwambia, "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike." Hakumwombea asianguke. Alijua ataanguka usiku uleule, na akaongeza agizo: atakapoongoka, awaimarishe ndugu zake. Kazi ya Petro ilipangwa anguko likiwa tayari limehesabiwa ndani. Umeniuliza kama imani yako imekufa. Mimi naona mtu ambaye mwezi mzima, kila siku, amepiga magoti akasema "Baba" kwenye ukimya, na kesho yake akapiga tena. Imani iliyokufa hairudi magotini. Yako imejeruhiwa na ina usingizi.

Kwa hiyo tubu, na utubu kwa mama. Nitarudi hapo.

Kuhusu sala yenyewe usijisumbue kutafuta maneno. Warumi 8 inasema hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Angalia kwamba Paulo anajihesabu humo, "hatujui". Ukiona "Baba" inatosha, iache itoshe. Ukitaka maneno ya kuazima, chukua Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mahali fulani zikaishia kwenye sifa. Hiyo haigeuki. Inaanza kwa kulia mchana na usiku, na mstari wake wa mwisho unaishia gizani. Wana wa Kora waliiimba hivyo hivyo bila kuiongezea mstari wa kufariji, na hakuna aliyeitoa katika Maandiko. Nadhani iliwekwa kwa ajili ya usiku kama zako, ili mtu asilazimike kusema "Mungu ni mwema" kabla hajamwambia Mungu yaliyomo.

Utasema, na ile neema inayotosha? Tunaipenda sana aya hiyo, tumeibandika hadi ukutani, tukasahau kwamba lilikuwa jibu la kukataliwa. Paulo aliomba mara tatu mwiba uliokuwa mwilini mwake utolewe, na haukutolewa. Mwiba wenyewe hatuambiwi ulikuwa nini. Alichoambiwa ni, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Sisi wenye Kiswahili tuna bahati hapa, vitenzi vyenyewe vinahubiri. Yakutosha, leo, saa hii. Hakuambiwa itakutosha ukishapona. Na hutimilika, kwa "hu" ile ya mazoea, kama tunavyosema jua huchomoza. Ni kazi ya kila siku. Ndiyo maana neema haikupi akiba ya wiki nzima, na ndiyo maana ukijipima saa nane usiku kama utaweza miaka mitano ijayo, utakuta huwezi. Hukuulizwa miaka mitano. Umeulizwa kumgeuza mama mara hii.

Mimi nilimuuguza mume wangu miaka minne. Sitakwambia nilivyoshinda, maana sikushinda. Kuna siku nilijifungia bafuni nikafungulia maji yatiririke ili watoto wasisikie ninavyomsema Mungu. Nilimsema vibaya. Nilipotoka, mume wangu, ambaye nilidhani amelala, akaniambia, "Umemaliza? Basi njoo uniinue, mgongo unaniuma." Nikamwinua. Siku hiyo kumwamini Mungu kulikuwa ni huko kuinua mgongo tu, sikuhisi kitu kingine. Nimeishi miaka mingi tangu hapo na bado sijapata maelezo mazuri zaidi.

Lakini mgongo mmoja haubebi nyumba nzima. Hao ndugu zako, waambie waache aya kwa muda. Usiwaandikie "naomba mnisaidie", kwa sababu watajibu "tunakuombea". Wape siku na saa: wewe njoo ulale hapa usiku huu na huu, wewe lipia mtu wa kushika asubuhi mara mbili kwa wiki. Musa alipochoka kuinua mikono wakati watu wake wakipigana vita, Haruni na Huri hawakumtia moyo kwa maneno. Walimletea jiwe akalie, wakashika mikono, mmoja huku na mwingine huku, mpaka jua likatua. Wakikataa, angalau utakuwa umejua, na hapo mwendee mchungaji umwambie yote, pamoja na ule mkono. Na usiku ukihisi hasira inashuka kwenye vidole tena, mlaze mama salama, toka chumbani, mwamshe mumeo. Shuka mbichi dakika kumi haitamwua mama.

Kufundisha? Ningependa upumzike miezi miwili, mitatu. Usiseme nimekuondoa kwa kuwa hufai. Unahitaji hizo saa za Jumapili ukae nyuma kanisani uwe mtu wa kufundishwa. Mchungaji akiwa na maoni tofauti baada ya kusikia yote, msikilize yeye, yuko karibu. Ila kabla hujapumzika nenda mara moja, umtafute yule mtoto. Alikuuliza swali zuri ukampa jibu la bango. Mwambie, "Uliniuliza kama huwa nakasirika. Huwa nakasirika, na juzi nilimkosea mtu, nikamwomba msamaha." Usimtajie zaidi ya hapo. Katika miaka tisa huenda hilo likawa somo atakalolikumbuka.

Lakini ili uweze kumwambia hivyo lazima uwe umeshaomba. Usingoje ujisikie tayari. Chagua saa ambayo mama ametulia, ameshakula. Kaa upande wake wa kushoto, akuone vizuri. Kiharusi humnyang'anya mtu maneno, lakini wengi wao bado huelewa zaidi ya wanavyoweza kusema, kwa hiyo usimsemeshe kama mtoto, na usiseme kwa mafumbo. Sema jina la kosa: "Mama, siku ile nilikupiga mkono na kukufokea. Nilikosa. Nisamehe." Usiongeze habari ya uchovu, hata kama ni ya kweli, hiyo mwambie Mungu na mumeo. Na usimdai jibu. Ukishasema, weka kiganja chako wazi kitandani karibu na ule mkono wake mzima, ukiache hapo hata kama atageuka ukutani tena, na ungoje. Kisha niandikie.